Jamaa wa Hulk: Uhakiki wa Mkataba Mmoja

Maandishi ninayokusudia kuyahakiki safari hii hayana vina wala mizani, na walioyaandika hawakutaraji hata siku moja kwamba yatafika mikononi mwa msomaji wa tenzi. Ni mkataba. Ulitiwa saini tarehe 22 Machi 1994 baina ya Marvel, kampuni ya Marekani yenye kuchapisha vitabu vya katuni, na MCA, kampuni iliyokuwa ikimiliki Universal, studio ya filamu yenye bustani za burudani. Kwa sheria za huko, makampuni yenye kuuza hisa kwa umma hulazimika kuwasilisha mikataba yao mikubwa kwa tume ya serikali, na kwa njia hiyo maandishi haya yakawa wazi kwa kila mwenye hamu nayo. Mimi nilikuwa na hamu. Niliyasoma mara ya kwanza kwa kebehi, mara ya pili kwa makini, na mara ya tatu nikiwa na kalamu mkononi, kama nisomavyo diwani.

Sababu ni kuwa mkataba huu, pasi na kujua, unajibu swali ambalo sisi wahakiki tumelizunguka miaka mingi: mhusika wa hadithi ni nani, na mipaka yake inaishia wapi? Wanasheria hawakuwa na nafasi ya kujibu kwa mafumbo. Walipaswa kutoa maana ambayo hakimu angeweza kuitekeleza, na maana waliyoitoa inastahiki kusomwa na watu wa fasihi.

Kwanza hali ilivyokuwa. Universal ilikuwa ikijiandaa kujenga bustani ya pili huko Orlando, Florida. Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 1999 kwa jina la Islands of Adventure, yaani visiwa vya safari za maajabu. (Sisi watu wa visiwa tutasamehewa tukitabasamu: visiwa vyenyewe vimepangwa kandokando ya ziwa la kuchimbwa, na mgeni huvihama kimoja hadi kingine kwa miguu, pasi na kulowa.) Kisiwa kimoja walipewa mashujaa wa Marvel. Humo mna gari la reli lenye kupaa na kutumbukia kwa jina la Hulk, yule jitu wa kijani. Mna safari ya Spider-Man. Mna mnara wa Doctor Doom, mbaya wa mabaya. Marvel wakati huo haikuwa na nguvu za leo. Mwezi wa Disemba 1996 iliomba ulinzi wa sheria ya waliofilisika, na miaka ile haki za mashujaa wake ziligawiwa huku na huku, za filamu mbali, za bustani mbali. Kisha upepo ukageuka. Tarehe 31 Agosti 2009 kampuni ya Disney ilitangaza kuwa inainunua Marvel kwa kiasi cha dola bilioni 4. Disney nayo ina bustani zake kubwa hapo hapo Orlando, mwendo mfupi wa gari kutoka kwa Universal. Ikawa kama mtu aliyenunua nyumba akakuta mpangaji ndani, tena mpangaji mwenye karatasi, na karatasi yenyewe inaendelea kuwa na nguvu maadamu mpangaji anakitunza chumba.

Humo katika karatasi ndimo ulimo mto. Mkataba wa 1994 umeigawa Marekani kwa mto Mississippi. Mashariki ya mto, bustani nyingine yoyote hairuhusiwi kuwatumia mashujaa ambao Universal inawatumia. Magharibi ya mto, wanaruhusiwa wote, ila jina la Marvel lenyewe lisitajwe katika jina la kivutio wala katika matangazo yake. Waende magharibi wakipenda, lakini jina la ukoo walivue ukingoni. Ndiyo maana Disney ilipofungua mtaa wa mashujaa hawa katika bustani yake ya California mwezi wa Juni 2021, iliuita Avengers Campus. Kampuni inayoimiliki Marvel ilijenga nyumba ya Marvel bila ya kuthubutu kuandika Marvel mlangoni.

Tuliangalie sasa fungu ambalo ndilo moyo wa mkataba, na ambalo kwangu mimi ni kazi ya uhakiki hasa. Wanasheria walijiuliza: tukisema Universal inamtumia shujaa fulani, ni yeye peke yake tunayemfunga, au na wengine? Wakajibu kwa neno moja: familia. Mhusika akitumika, jamaa zake nao wamefungika. Akitumika mmoja wa Fantastic Four, wanne wote wamefungika. Akitumika mmoja wa Avengers, kikosi kizima kiko ndani. Na hapa ndipo nilipoinua kalamu: katika familia hiyo wamo pia maadui wa shujaa anayetumika. Adui amehesabiwa kuwa jamaa!

Mtu aliyelelewa na utendi wa Fumo Liyongo hawezi kulipita jambo hili. Mpinzani wa Liyongo ni jamaa yake, Daudi Mringwari, na mkono uliomchoma sindano ya shaba ni wa mwanawe wa kumzaa. Washairi wetu walijua siku nyingi kwamba shujaa hatimii bila ya yule anayemtakia mauti, na kwamba aghalabu yule huwa wa damu moja. Ajabu ni kulikuta wazo hilo katika tanbihi ya mkataba wa biashara. Mhakiki wa kawaida wa katuni atakwambia Spider-Man ni kijana mwenye utando. Mkataba unajua zaidi: Spider-Man ni kijana huyo pamoja na Doctor Octopus na kundi zima linalomwandama, na ukimchukua ukawaacha hao, hujamchukua.

Mkataba unajua hata matumizi madogo. Shujaa huhesabiwa kuwa anatumika si kwa mashine kubwa tu, bali hata kwa duka au pahala pa kulia chakula, ikiwa yeye ni zaidi ya pambo la kupita, na ikiwa yeye au jamaa yake ametajwa katika matangazo ya mwaka uliopita. Katika kisiwa kile cha Florida uko mkahawa wa Captain America. Shujaa aliyechorwa mwaka 1941 akimtandika Hitler ngumi katika jalada la kitabu chake cha kwanza anasaidia kuilinda mipaka ya kampuni kwa kuuza mkate wa nyama. Sisemi hili kwa kejeli tupu. Nasema kwamba mshairi akitaka kujua neno lake linaishi wapi, asitazame fahari za jukwaani pekee. Atazame na kanga, na kiduka cha mtaani.

Waliookoka ni waliosahauliwa. Guardians of the Galaxy, kikosi cha mbali angani, hawakuwa na nafasi katika kisiwa cha Universal kwa sababu miaka ile ya 1990 walijulikana na wachache. Mmoja wao, Groot, mti wenye kusema, alitokea mara ya kwanza mwaka 1960 kama zimwi la hadithi moja fupi. Filamu ya mwaka 2014 iliwapa umaarufu, na tarehe 27 Mei 2022 Disney ikafungua safari yao katika bustani ya Epcot, Florida, mashariki ya mto, katika ardhi iliyokatazwa jamaa zao mashuhuri. Kudharauliwa ndiko kulikowapa cheti cha kusafiria.

Nije kwenye kulinganisha, kwani uhakiki bila ya kulinganisha ni sifa au matusi tu. Spider-Man anazo safari mbili zinazostahiki kuwekwa bega kwa bega, moja kila upande wa mto. (Ilikuwako nyingine Osaka, Japani, katika bustani ya Universal, tangu 2004 hadi Januari 2024.) Na kabla sijaendelea, msomaji aniruhusu kusema kwamba jina la shujaa huyu halitafsiriki kwetu bila ya kicheko: mtu buibui, kwa sikio la mwambao, ni mwanamke anayekwenda harusini kwa staha. Sijafika Florida wala California. Nimezitazama safari zote mbili kwa video ndefu za waliokwenda, mara nyingi kuliko umri wangu unavyoruhusu.

Ile ya Florida, ya mwaka 1999, inamwingiza mgeni katika ofisi za gazeti la Daily Bugle. Waandishi wamekimbia, mhariri mwenye hasira hana wa kumtuma, basi anakutuma wewe. Unapanda gari, unavaa miwani, unazungushwa katika mitaa ya New York usiku, na unashuhudia wabaya wamelichukua Sanamu la Uhuru kwa silaha inayoyaondolea mambo uzito wake. Kazi yako ni kuona. Huna uwezo wowote. Unarushwa, unatishwa na moto na maji, unaangushwa kutoka juu ya majumba, na shujaa anakudaka katika utando. Wewe ni shahidi, karani wa habari, na ndivyo msomaji wa hadithi alivyokuwa siku zote.

Ile ya California, ya mwaka 2021, imekibadilisha cheo cha mgeni. Hapa hukutumwa habari. Umealikwa katika karakana. Kijana Peter Parker, kwa sura ya mwigizaji Tom Holland, ametengeneza buibui wa chuma wadogo, na wamemponyoka wakaanza kuzaana. Wewe unanyosha mikono, mashine inakusoma, na utando unatoka viganjani mwako ukawanase. Mwishoni unahesabiwa alama. Hakuna Doctor Octopus, hakuna mhariri, hakuna Sanamu la Uhuru, hakuna khofu. Ubaya wenyewe ni hitilafu ya mitambo ambayo shujaa aliisababisha kwa bahati mbaya.

Najua vijana wataipenda ya pili, na hawana makosa. Kurusha utando ni raha. Lakini kwa mizani ya fasihi nashikilia kuwa ya kwanza ni kazi kubwa zaidi. Imemwachia shujaa ushujaa wake na msomaji usomaji wake. Ya pili imemgeuza kila mtu shujaa na kwa hivyo haina haja tena ya yeyote wa kuokolewa. Na msomaji atanikumbusha: ya magharibi ndiyo iliyojengwa na mwenye mali, aliyekuwa huru kumwita adui yeyote amtakaye kutoka vitabu vya miaka sitini. Aliyefungwa kwa karatasi ya 1994 ndiye aliyewaleta jamaa wote.

Kuna zaidi. Universal ilipewa mashujaa wa vitabu, haikupewa nyuso za waigizaji. Filamu za Spider-Man ziko kwa Sony tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na filamu nyingine zilikuja baadaye chini ya Disney. Kwa hivyo kisiwa cha Florida kimebaki na mashujaa waliochorwa kwa wino: misuli iliyotiwa mistari, rangi bapa, mabango makubwa ya mtindo wa kurasa za katuni. Safari ya Spider-Man ilitengenezwa upya mwaka 2012 na reli ya Hulk ikafungwa 2015 na kufunguliwa tena 2016, walakini sura zimebaki za kitabuni. Ukivuka mto hadi California, Hulk na wenzake wana nyuso za filamu. Kwa maneno mengine, pingu za mkataba zimehifadhi kile ambacho uhuru wa mwenye mali umekifuta. Ni kama lahaja inayobakia safi katika kijiji kisicho na barabara.

Ningependa kuishia hapa na kuusifu mkataba, lakini mistari ile ya wino ina wenyewe.

Hulk, Fantastic Four, X-Men na Avengers vilitoka katika meza ya Jack Kirby aliyechora na Stan Lee aliyeandika na kuhariri. Captain America alimchora pamoja na Joe Simon. Hata Groot yule wa 1960 ulipita mkononi mwake. Spider-Man wa 1962 ni kazi ya Lee na Steve Ditko. Kirby alilipwa kwa ukurasa. Alifariki tarehe 6 Februari 1994. Mkataba ulitiwa saini siku 44 baada ya kifo chake. Sidai kwamba kimoja kilisababishwa na kingine. Ni kalenda tu. Lakini nisomapo fungu lile la familia, lenye hekima yote niliyoisifu, naona kwamba linawajua Hulk na ndugu zake, na kikosi chake, na maadui zake, na duka lake, na chakula chake, na halimjui baba yake. Baba hakuingia katika maana ya jamaa.

Warithi wa Kirby walijaribu kumwingiza. Mwezi wa Septemba 2009, wiki chache baada ya tangazo la Disney, watoto wake walipeleka notisi za kutaka haki za kazi zake za 1958 hadi 1963 ziwarudie, kwa kutumia kifungu cha sheria ya Marekani kinachomruhusu mtunzi au warithi wake kuvunja uhawilishaji wa haki baada ya miaka 56. Mahakama iliwakatalia, na mwaka 2013 mahakama ya rufaa ikathibitisha. Hoja yake yafaa kila mshairi aijue: kazi ile ilifanywa kwa agizo la kampuni na kwa gharama yake, kwa hivyo kisheria mtunzi ni kampuni. Haikusemwa kwamba Kirby alitunga kisha akauza. Ilisemwa kwamba, mbele ya sheria, hakuwa yeye aliyetunga. Shauri lilikuwa mlangoni mwa Mahakama Kuu ya Marekani mwezi wa Septemba 2014 pande mbili zilipopatana, na masharti ya mapatano hayakutangazwa. Warithi wa Ditko walipeleka notisi zao mwaka 2021, nao wakapatana na Marvel mwishoni mwa 2023.

Kwetu malipo na utunzi vimejuana zamani. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyeutunga utendi wa Liyongo mwaka 1913, alikuwa fundi wa mkono aliyenakili miswada kwa ajira, pamoja na kuwanakilia wataalamu wa Kizungu. Hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa kuwa wino ulinunuliwa na mwingine, basi mtunzi ni mwenye kununua wino. Na Liyongo mwenyewe hakuwa wa Kijumwa. Alikuwa amekwisha kuimbwa karne nyingi. Tunayo fani kamili ya kuingia katika kazi ya mwenzako bila ya kuinyang'anya: takhmisa. Mshairi huuchukua ubeti wa aliyemtangulia, akautungia mishororo mitatu mbele ya ile miwili ya asili, na kila msikilizaji anajua ya nani ni ipi. Mgeni huingia kwa adabu, na mwenyeji anabaki kuwa mwenyeji.

Najua nitakalojibiwa. Nitaambiwa takhmisa haikujenga reli ya chuma wala haikuajiri maelfu, na kwamba bila ya kampuni wahusika hawa wangeoza katika maghala ya karatasi. Ni kweli kwamba mhusika wa siku hizi huhitaji mtaji. Na ni kweli pia, nisije nikaipamba kwetu, kwamba malenga wetu wengi walikufa maskini ilhali beti zao zikiimbwa harusini na wasiojua hata majina yao. Kutokuwa na mwenyewe si sawa na kupewa haki. Lakini hoja yangu ni ndogo kuliko hiyo. Mkataba ulikuwa na nafasi ya kutosha ya kuandika kuhusu mkahawa. Mstari mmoja wa kumtaja aliyechora haungeinyima Universal hata mgeni mmoja. Mstari huo haukuandikwa, si kwa uovu, bali kwa sababu hakuna aliyekuwapo mezani ambaye kutokuwapo kwake kulimuuma.

Mwaka 2012 safari ya Spider-Man ilipotengenezwa upya, Stan Lee aliwekwa ndani ya picha zake. Anapita hapa na pale barabarani, na mwenye macho makali humwona zaidi ya mara moja. Nimemtafuta na kumpata. Ditko alikuwa mtu wa kukataa mahojiano na kamera miongo na miongo, na wote wawili walifariki mwaka 2018. Kila nilipoitazama video hiyo nimekuwa nikimtafuta katika pahala pengine: katika namna vidole vya shujaa vinavyojikunja anaporusha utando, kidole cha kati na cha pete ndani, vingine nje. Mkunjo huo ni wake. Uko mashariki ya mto na uko magharibi.

Na mto wenyewe? Mississippi hauna tabia ya kutulia. Kaskaskia, mji uliokuwa makao makuu ya kwanza ya jimbo la Illinois mwaka 1818, ulikaa upande wa mashariki. Mwaka 1881 mto ulikata njia mpya, ukaumeza mji mwingi, na kilichosalia kikajikuta upande wa magharibi. Mpaka wa jimbo haukuhama, hivyo Kaskaskia hadi leo ni ya Illinois, na mwenye kutoka sehemu nyingine za Illinois kwenda huko hupitia kwanza jimbo la Missouri. Wamebaki watu wachache sana, wakulima, na kengele ya kale ambayo mfalme wa Ufaransa aliwapelekea karne ya 18. Siku mmoja wao akitundika kitambaa chenye sura ya Spider-Man juu ya bembea na kuwatoza watoto senti, wanasheria wa pande mbili watalazimika kwenda huko kwa mashua na kuulizana walisema mto upi.